Kabla Mwanao Hajaingia Chuo cha Udaktari

Mama mpendwa, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka mwezi wa Julai, nyumba yenye mtoto aliyefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Biolojia hujaa vigelegele. Majirani huanza kumwita "daktari" hata kabla hajaomba chuo. Ni haki yetu kufurahi. Lakini vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, na miezi hii ya katikati mara nyingi hupotea bure. Wengine huitwa JKT. Wanaobaki nyumbani, hasa wasichana, hugeuzwa watumishi wa nyumba nzima.

Kwanza kabisa, kaa naye uani mzungumze. Mwulize, "Mwanangu, udaktari unautaka wewe, au tunautaka sisi wazazi?" Usimkatize anapojibu. Hapa Tanzania shahada ya udaktari huchukua miaka 5, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Safari ndefu hivyo haiendeki kwa hamu ya mama peke yake. Kama moyo wake uko kwenye ualimu, afadhali mjue leo kuliko mwaka wa tatu, ada ikiwa imekwisha kulipwa.

Akisema anautaka, asijaribu kumaliza vitabu vya chuo akiwa nyumbani. Mwaka wa kwanza atafundishwa anatomia, yaani muundo wa mwili; fiziolojia, yaani jinsi viungo vinavyofanya kazi; na baiokemia, yaani kemia ya uhai. Kazi yake sasa ni kuimarisha msingi: arudie habari za seli, urithi, mzunguko wa damu, na ile kemia ya kaboni inayoeleza wanga, protini na mafuta. Kwa hiyo madaftari yake usiyafungie maandazi wala kuwashia jiko!

Pili, ajifunze namna ya kusoma. Wengi hufaulu sekondari kwa kukariri maswali ya mitihani iliyopita. Chuoni masomo huja mengi kwa haraka, na kukesha usiku mmoja hakutoshi. Mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 uchunguzi alioufanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hutupotea mapema sana, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali hufaa kuliko kurundika yote siku moja. Basi mwanao asome, afunge kitabu, aeleze kwa kichwa. Arudie kesho, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya wiki.

Hapa unaweza kumsaidia hata kama hukusoma sayansi. Mnapochambua mchele, mwambie akueleze jinsi damu inavyopita katika vyumba 4 vya moyo. Usipoelewa, mwambie aanze upya. Akikueleza vizuri kwa Kiswahili, ameelewa. Kisha aeleze kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha atakayofanyia mitihani.

Tatu, azoee maneno. Majina mengi ya kitabibu yametokana na Kigiriki na Kilatini. Anayejua kwamba "nefro" ni figo, "osteo" ni mfupa na "kadio" ni moyo, hatatishwa na maneno marefu. Ajifunze pia kuandika kwa kompyuta.

Yote haya yanataka muda. Mpangie saa 2 za asubuhi asizotumwa dukani wala kisimani, na kaka zake nao waoshe vyombo. Usiku alale, akili iliyochoka haishiki kitu.

Mwisho, mama, kuna neno la kumwambia kabla hajafunga sanduku. Yeye aliyezoea kuwa wa kwanza shuleni kwake atakaa darasa moja na waliokuwa wa kwanza mikoa mingine. Huenda akaanguka mtihani kwa mara ya kwanza maishani. Mtoto anayeogopa kuwaaibisha wazazi huficha, na anayeficha hukosa msaada mapema. Mwambie waziwazi: "Ukishindwa somo, niambie mimi kwanza. Tutatafuta njia pamoja." Aondoke akiamini maneno hayo, maana vitabu ataazima, lakini mama hana wa kumwazima.