Wakala wa Safari na Dhamana Tunayomdai

Ifikapo miezi ya mwisho ya mwaka, hapa Kakamega, katika mbao za matangazo za shule, katika makundi ya simu ya vyama vya kina mama, na hata nje ya kanisa baada ya ibada ya Jumapili, huanza kuenea habari za safari za Mombasa, Diani, Malindi na Unguja, kila moja ikiwa na bei yake, siku zake na jina la wakala anayeiandaa. Na watu ambao mwaka mzima wamekuwa wakiweka mia mbili leo na mia tano kesho, ili na wao wapate kuiona bahari pamoja na watoto wao, huanza kuulizana iwapo inafaa kumkabidhi mtu wasiyemjua jasho lao, au ni afadhali kila mmoja ajikatie tikiti kwa simu yake na kushika njia. Suala hili si dogo. Kwa nyumba ya mwalimu au ya mchuuzi wa sokoni, likizo moja ya pwani aghalabu ni akiba ya mwaka mzima, na anayeipoteza hawezi kuirudia mwezi ujao.

Wako vijana, nao ni werevu, wanaosema kwamba zama za wakala zimekwisha, maadamu tikiti ya treni, kiti cha basi, chumba cha hoteli na malipo yake vyote humalizwa kwa simu iliyo mkononi. Hoja hiyo ina nguvu, na wakala ambaye kazi yake yote ni kukata tikiti kisha akaongeza cha juu, sioni kwa nini tumlipe. Walakini kuandaa safari ni kazi pana kuliko kununua tikiti, na anayeitenda kwa haki anastahili ujira wake, kwa sharti moja ambalo katika mji wetu hatulishiki kwa nguvu inavyopasa: awe mdhamini wa safari aliyoiuza, akiri kwa maandishi kwamba jambo likiharibika njiani dhima ni yake, na awe na cha kulipia dhima hiyo.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Mumias, ambayo leo imo ndani ya kaunti hii, ilikuwa katika karne ya 19 kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka pwani kwenda Buganda, na katika mji wa mtawala wake, Nabongo Mumia, ndimo Waswahili, Waarabu na Wazungu walimopumzika, wakanunua chakula na kuuliza habari za njia iliyo mbele yao. Misafara ya zama hizo haikuondoka pwani kwa kubahatisha. Kule Bagamoyo alikuwako Sewa Haji, tajiri wa asili ya Kihindi aliyefariki mwaka 1897, ambaye msafiri alimwendea akamweleza aendako, naye akamtafutia wapagazi, akamkusanyia vitambaa, shanga na nyaya za kubadilishana kwa chakula katika kila nchi atakayoipita. Kwani shanga iliyopendwa huku ilikataliwa kule, na mwenye kubeba rangi isiyotakiwa aliweza kulala njaa ilhali mizigo yake imejaa tele. Jina lake lingalipo katika jengo la Sewahaji la hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mtu huyo hakuwa mwuzaji wa bidhaa tu; msafiri alimlipa kwa sababu ya maarifa yake, na kwa sababu alikuwa na makao yanayojulikana, ambako mwenye malalamiko angeweza kumkuta.

Na anayetaka kuijua thamani ya habari za njia, na akifikirie kisa cha Askofu James Hannington, aliyefika Mumias mwezi wa Oktoba 1885 baada ya kupita njia fupi ya nchi ya Wamasai, akauacha hapo msafara wake mkubwa na kuendelea mbele na watu wapatao hamsini, bila kujua kwamba huko Buganda Kabaka Mwanga na wakuu wake walimhofu mno mgeni aingiaye kutoka upande wa mashariki. Wamishonari wenzake waliokuwa Buganda waliijua hatari hiyo, lakini onyo lao halikumfikia kwa wakati, na tarehe 29 Oktoba aliuawa huko Busoga pamoja na wengi wa wapagazi wake. Ushujaa alikuwa nao, na masurufu alikuwa nayo. Hakupata mtu wa kumwambia kwamba mgeni wa njia ile hakuwa na amani.

Hatari za msafiri wa leo ni ndogo zaidi, lakini ujinga wa njia ungali unamgharimu. Tuichukue safari ya kawaida kabisa, ya watu thelathini wanaotoka Kakamega kwenda Diani mwezi wa Desemba. Basi la usiku huwafikisha katikati ya jiji la Nairobi alfajiri, nao wana tikiti za treni ya reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria tarehe 1 Juni 2017. Asiyeambiwa kwamba stesheni ya treni hiyo iko Syokimau, mbali na jiji, huketi na mizigo yake karibu na stesheni ya zamani, akidhani amewahi, na saa ikampita. Treni nayo haiingii kisiwani Mombasa; hukomea Miritini. Hapo wakala mjuzi atakuwa ameweka gari la kuwapitisha barabara ya Dongo Kundu hadi pwani ya kusini bila kupanda feri, na asiyejua atawapeleka mjini kwanza, kisha awapange katika foleni ya feri ya Likoni, wazee na watoto wachanga wakisimama juani na mabegi yao. Tofauti ya safari hizi mbili haionekani katika bei iliyobandikwa ubaoni, nayo huamua kama mama mwenye umri wa miaka sabini atafika akiwa na siha au akiwa hoi.

Kuna na hili la kurudi, ambalo watu wa magharibi yatupasa kulijua kuliko wengine wote. Desemba umma wa Nairobi humiminika kuja nyumbani kwa Krismasi. Kwa hiyo anayetoka Kakamega kwenda pwani hupata kiti bila taabu, na anayetaka kurudi siku mbili kabla ya sikukuu hukuta mabasi yamejaa na nauli imepanda maradufu. Wakala mwenye akili hununua viti vya kurudia kabla hata ya vile vya kwendea. Ukimwuliza swali hilo moja tu, naye akakujibu kwamba ya kurudi yatajulikana hukohuko, umekwisha kumjua.

Tena bahari yenyewe ina saa zake, na mtu aliyezaliwa bara hawezi kuzikisia. Siku za bamvua maji hupwa yakarudi nyuma hadi karibu na mwamba, na aliyewaleta watoto ufukoni kabla ya adhuhuri, wamekwisha vaa nguo za kuogelea, hukuta mchanga, mawe na mwani. Na maji yakianza kujaa, mtu aliyetembea mbali kwenda kuokota makombe hujikuta amezungukwa. Saa za kujaa na kupwa hujulikana miezi kadhaa mbele, na kuzipanga pamoja na saa za chakula na za matembezi ni kazi ya dakika chache kwa ajuaye. Vivyo hivyo, anayewapeleka wageni Lamu mwezi wa Ramadhani bila kuwaeleza kwamba mji mzima umefunga, na kwamba mchana mikahawa mingi haipiki, amewaudhi wageni na wenyeji kwa pamoja; ilhali angewapeleka wakati wa Maulidi, wangeliona jambo la kusimuliwa kwa wajukuu, na angelazimika kuwawekea vyumba mapema sana.

Wanaoelekea Unguja wana la ziada. Sisi tulio karibu na Busia na Malaba tumezoea kuingia Uganda kwa kitambulisho, basi tunadhani mipaka yote ni hivyo. Kumbe upande wa Tanzania mtu huulizwa hati ya kusafiria, na pasipoti iliyobakiza miezi michache humtia mwenyewe mashakani, na cheti cha homa ya manjano hakihesabiwi kuwa halali mpaka zipite siku kumi tangu kudungwa sindano ya kwanza. Aliyechanjwa Jumatatu ili asafiri Ijumaa amechelewa, hata kama fedha zake zote zimekwisha kulipwa. Maandalizi ya namna hii ndiyo roho ya kazi ya wakala, nayo huanza miezi mitatu kabla ya safari, watu wakiitwa, wakiketishwa na kuambiwa.

Ndugu zetu Waislamu wa Mumias wanalifahamu jambo hili kuliko sisi sote, kwa sababu Hija huwafunza. Kiongozi mwema wa mahujaji huwakusanya watu wake kabla ya kuondoka, akawafundisha manasiki, akahakikisha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, akawaonyesha kibali na mahali pa kulala. Mwezi wa Juni 2024 ulimwengu uliona matokeo ya kinyume cha hayo: katika joto kali la Makka walifariki watu 1,301, na serikali ya Saudia ikatangaza kwamba asilimia 83 kati yao walikuwa mahujaji wasio na kibali, waliotembea masafa marefu juani bila hema wala pa kujikinga. Misri ilizifutia leseni kampuni 16 za safari kwa kuwapeleka watu kwa hila ya viza ya matembezi. Waliofariki hawakuwa wazembe. Wengi walikuwa wazee waliodunduliza akiba ya umri wao wote, wakamwamini mtu aliyewaambia kwamba iko njia rahisi zaidi.

Hapo ndipo hoja ya dhamana inapokuja na uzito wake wote. Mwaka 1841, tarehe 5 Julai, Thomas Cook aliwakodia treni watu wapatao mia tano kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mmoja, wakahudhurie mkutano wa kupinga ulevi, na kutokana na siku ile likakua shirika lililojulikana dunia nzima. Shirika hilo lilifilisika tarehe 23 Septemba 2019, wasafiri wapatao laki sita wakiwa ugenini. Waingereza waliokuwamo, zaidi ya laki moja na nusu, walirudishwa makwao, wengi wao kwa sababu sheria ya kwao ilikuwa imeweka mfuko wa kinga ambao kila mwenye kununua safari ya ndege ya namna ile huchangiwa pauni mbili na nusu. Basi ikiwa jabali kama lile liliweza kuanguka, nani atatuapia kwamba ofisi ya chumba kimoja, yenye meza moja na bango la minazi ukutani, haitaanguka ikiwa na akiba za vyama kumi vya kina mama?

Sheria yetu ya Utalii ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na mawakala hupaswa kuwa na leseni yake. Hilo ni jema, na kila mwenye kukusanya fedha za safari hapa Kakamega aanze kwa kuitundika leseni ya mwaka huu mahali tunapoiona. Lakini nataka zaidi ya hapo. Utaratibu wa kulipa mdogo mdogo, ambao umewafungulia maskini mlango wa likizo, ndio pia unaomfanya wakala kuwa mweka amana wa umma, akishika fedha za watu kwa miezi minane au tisa kabla ya kuwapa chochote. Na mtu ashikaye amana za watu hakosi kuwekewa masharti. Fedha hizo ziwekwe katika akaunti iliyo mbali na ya kodi ya ofisi na mishahara, na wakala aweke dhamana benki au kwa kampuni ya bima, ili akishindwa, wateja warudishiwe chao bila ya kuzungushwa mahakamani. Wenye kazi hii watasema gharama itapanda. Itapanda kidogo, na mimi niko radhi kuilipa.

Niko radhi vilevile kuona ujira wa wakala umeandikwa waziwazi katika hati. Mashirika makubwa ya ndege ya Marekani yalianza kuwapunguzia mawakala kamisheni mwaka 1995, na kufikia 2002 yalikuwa yameikata kabisa. Tangu hapo imekuwa bayana kwamba mlipaji wa wakala ni msafiri mwenyewe, au ni hoteli inayotaka kuuza vyumba vyake. Msafiri ana haki ya kujua ni yupi kati ya hao wawili, kwani anayelipwa na hoteli atakusifia hoteli hiyo hata kama iko kilomita mbili kutoka ufukoni. Bei iliyo rahisi kupita kiasi nayo ichunguzwe kwa hadhari: ukiijumlisha nauli, chumba na chakula, ukaona jumla imepita bei unayotozwa, ama kuna kilichofichwa, ama safari haipo.

Laiti mawakala wetu wangefanya kazi kwa dhamana ya namna hii, wasingeishia kuwatoa watu Kakamega tu, wangewaleta pia. Tunao msitu uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, mabaki ya ule msitu mkuu wa mvua wa Kongo ambao hauna ndugu mwingine katika Kenya. Tunayo ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Tunalo jiwe la Ilesi linalotiririsha maji kama machozi, na mapango ya kilima cha Lirhanda yaliyochimbwa katika harara ya dhahabu ya miaka ya 1930. Mtu wa Mombasa hayajui haya, na hakuna aliyemwambia. Wakala wa hapa aende akamwambie, amweleze kwamba kwetu alasiri hunyesha sana, alete koti na viatu vya matope, ampe mwongozaji wa msituni Isecheno anayewatambua ndege kwa sauti zao, na kwenye risiti aandike namba ya leseni yake na jina la atakayewajibika.