Hisabati ya Foleni na Mashine ya Kusaga

Mjini Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012, foleni huwapo hata pale ambapo watu hawaonekani. Alfajiri, penye bomba la maji, madumu hupangwa moja nyuma ya jingine, na wenyewe wako nyumbani wakikoka moto. Kwenye mashine ya kusaga, debe la mahindi humshikia mama nafasi yake.

Watoa huduma wengi wakiulizwa sababu ya foleni hujibu kwamba watu ni wengi, au kwamba hawana ustaarabu. Jibu hilo ni la haraka mno. Foleni ina kanuni zake, na mmoja wa waliotangulia kuzichunguza ni Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen mwaka 1908. Makala yake ya kwanza juu ya jambo hili ilitoka mwaka 1909. Erlang hakuwaita wapiga simu wakorofi, aliwahesabu.

Na ichukuliwe mashine yenye msagaji mmoja awezaye kuhudumia, kwa wastani, wateja 12 kwa saa. Wateja hufika bila mpangilio, na mizigo yao hailingani. Wakifika 6 kwa saa, hesabu yaonyesha kwamba kila mmoja atatumia wastani wa dakika 10 tangu afike hadi aondoke na unga wake. Wakifika 10, muda huo huwa dakika 30. Wakifika 11, huwa saa nzima. Mteja mmoja tu aliyeongezeka kwa saa amewacheleweshea wote nusu saa! Kanuni yenyewe ni nyepesi: toa idadi ya wanaofika katika idadi ya wanaoweza kuhudumiwa, kisha ugawe 1 kwa tofauti hiyo, jibu ni saa. Wakifika 12, mwanafunzi atajikuta anagawa kwa sifuri, na foleni nayo haina kikomo, ijapokuwa kwenye karatasi msagaji anawamudu wote.

Sababu ni kwamba muda hauwekwi akiba. Dakika ambazo msagaji alikaa bure saa moja asubuhi haziwezi kutumika saa nne, watu watano wanapofika kwa pamoja.

Kwa hiyo meneja anayejivunia kwamba watumishi wake hawaketi hata dakika moja anajivunia jambo asilolielewa. Dakika hizo zinazoonekana kuwa za uvivu ndizo zinazomeza msongamano. Zikiondolewa ili kubana matumizi, gharama haipotei. Huhamishiwa kwa mama ambaye palizi inamngoja, na kwa binti aliyetumwa kusagisha akaingia darasani kipindi cha pili. Gharama hiyo haimo katika daftari la mwenye mashine, ndiyo maana hashughulishwi nayo.

Palipo na madirisha kadhaa, foleni moja inayoyalisha yote ni bora kuliko foleni ya kila dirisha, kwani mteja mwenye shida ndefu hawafungi wote walio nyuma yake. Namba za karatasi nazo hazifupishi muda, lakini humwezesha mtu kuketi kivulini, na humnyima nafasi yule apitaye mlango wa nyuma kwa kujuana. Hilo si jambo dogo: aghalabu kinachowaudhi watu si kungoja, bali kupitwa.

Dirisha la wazee hospitalini ni jambo la haki. Hata hivyo, ieleweke kwamba likitengwa bila kuongeza mhudumu halizalishi muda. Dakika anazookolewa mzee hulipwa na aliye nyuma yake. Alipe, lakini uongozi usidai kwamba foleni imepungua.

Stesheni, penye mwisho wa tawi la reli la kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, tatizo ni jingine. Treni isiyosafiri kila siku huwakusanya watu kwa mafungu, na hapo dawa ni kuuza tiketi mapema kuliko kuongeza madirisha.

Mwalimu wa hisabati hahitaji maabara ili kufundisha haya. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kwamba wastani wa watu waliomo katika foleni ni sawa na idadi ya wanaofika kwa saa mara wastani wa saa wanazokaa humo. Wanafunzi wawili wenye saa na daftari, wakikaa penye bomba la shule tangu foleni inapoanza hadi inapokwisha, mmoja akiandika saa ya kufika kwa kila dumu na mwingine saa ya kuondoka, wataweza kuipima kanuni hiyo. Zoezi hilo lirudiwe Julai, baada ya mavuno, kwenye mashine ya kusaga iliyo karibu, na matokeo yapelekwe kwa mwenye mashine.