Mchanga, Heliamu na Elimu ya Atomu

Kusini-magharibi mwa Tanzania imo mito miwili yenye jina moja. Mto Songwe wa kwanza hupita mpakani mwa Malawi na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, upande wa Katumba Songwe, wilayani Kyela. Wa pili huelekea kaskazini hadi Ziwa Rukwa. Wa kwanza huleta mchanga. Wa pili huingia katika bonde ambalo chini yake imo gesi ya heliamu. Mchanga na heliamu ni vitu viwili vinavyokutana katika maabara zinazounda vifaa vya kwanta.

Sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida ni silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni. Mwaka 1998 mwanafizikia Bruce Kane alipendekeza kwamba atomu mojamoja za fosforasi, zikipandwa ndani ya silikoni safi, zaweza kufanya hesabu za kompyuta ya kwanta. Mwaka 2012 kundi la Michelle Simmons wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, lilitangaza transista iliyotengenezwa kwa atomu moja tu ya fosforasi. Uso wa silikoni hufunikwa kwa atomu za haidrojeni. Ncha ya hadubini maalumu huondoa baadhi yake. Kisha fosforasi hushika mahali palipoachwa wazi. Kazi hiyo hufanyika katika ombwe, na kifaa hupimwa katika baridi inayokaribia nyuzi 273 chini ya sifuri. Baridi hiyo huletwa na heliamu, ambayo yenyewe huwa kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, Uingereza, pamoja na kampuni iliyokuwa ikitafuta gesi, walitangaza kuwapo kwa hazina kubwa ya heliamu katika bonde la Rukwa. Gesi hiyo huzaliwa polepole sana, urani na thoriamu zinapochakaa ndani ya miamba ya kale. Ikiachwa itoroke hupanda angani, wala hairudi.

Hapa ndipo penye hatari. Wakulima wa Kyela wanaujua vema mkasa wa kakao: mbegu hukaushwa na kuuzwa, na chokoleti hutengenezwa mbali. Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yaliipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za migodi. Hilo ni jambo jema, lakini hisa ya fedha si hisa ya maarifa. Mchanga umejaa duniani kote, nao hauna thamani kwa asiyejua kuusafisha. Heliamu ni adimu, na kwa sababu hiyo yafaa itumike kununua elimu.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haina haja ya kushughulika na atomu mojamoja. Hoja hiyo ni nzito, lakini hakuna anayedai kompyuta ya kwanta ijengwe Mbeya kesho. Kinachohitajiwa kwanza ni ufundi wa baridi kali, wa ombwe na wa vipimo vidogo. Ufundi huo huo ndio unaohudumia mashine za MRI za hospitali, ambazo sumaku zake hupozwa kwa heliamu.

Kwa hiyo haifai mkataba wowote wa kuchimba heliamu utiwe sahihi bila sharti la elimu. Sehemu ya gesi itengwe kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtambo wa kuigeuza kuwa kimiminika na wa kuikusanya tena uwekwe. Na vijana wafundishwe kuutunza. Mgodi utakwisha siku moja. Fundi aliyefunzwa atawafunza wengine.