RELI SIO STUDIO! Mastaa Wanaposti Kifo, Mashabiki Wanagonga Laiki

Kuna mtindo umeingia mjini na inabidi usemwe kabla haujaleta msiba. Staa anavaa nguo ya bei mbaya, anabeba mpiga picha wake, anakwenda kulala katikati ya reli. Mwingine anakaa juu ya chuma anaangalia mbali kama mtu aliyeachwa juzi. Mwingine anasubiri treni itokeze kule mbele, anacheza kipande cha wimbo wake mpya, halafu anaruka pembeni huku washkaji wanashangilia. Ikishapostiwa, maneno ni yale yale: "Lokesheni ya siri hii, mjini hamuijui."

Majina kapuni. Wenyewe wanajijua, na chawa wao wanawajua zaidi.

Yupo msanii wa bongofleva ambaye kila akitoa wimbo lazima ashuti kipande relini, utadhani bila reli wimbo hautoki. Yupo mwanadada wa mitindo ambaye ana picha nyingi za kwenye reli kuliko abiria wa kweli. Na yupo huyu wa tatu, ambaye ndiye balaa kabisa: anatoza hela kupeleka vijana kwenye hizo anazoita lokesheni za siri. Analipwa kumuingiza mtoto wa mtu sehemu ambayo treni haipigi breki kwa ajili ya mtu.

Sasa isemwe wazi. Hapo hapana siri yoyote. Hapo hapaingiwi tu! Kuruka uzio au kupenya penye tundu sio ujanja wa mjini. Panya buku nao wanapenya na hakuna anayewaita wabunifu.

Kinachouma zaidi ni kwamba Dar es Salaam ni mji mtamu sana kwa mtu anayependa kutazama treni, na raha yake haihitaji kuvunja sheria. Wengi hawajui kwamba mjini hapa kuna reli za aina tatu, kila moja na upana wake. Kuna reli ya kati ya zamani, ile ya milimita 1,000, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Kuna TAZARA ya milimita 1,067, iliyojengwa kwa mkopo wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia. Na kuna SGR ya umeme, milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata. Historia yote hiyo ipo ndani ya mji mmoja, nauli ya daladala tu. Halafu mtu anakwambia mpaka alale relini ndo apate picha kali? Acha masihara.

Anayetaka kuona mchongoko, yaani ile treni ya SGR yenye pua ndefu, hana haja ya kupanda uzio. Pale Stesheni mjini reli ya SGR inapita juu darajani. Mtu anasimama chini, pembeni ya barabara, sehemu ya watembea kwa miguu, na treni inapita juu yake ikielekea Ilala na kuendelea. Hakuna mlinzi wa kumfukuza wala chuma cha kukanyaga. Na kuna siri ya kweli ambayo mastaa hawaijui kwa sababu hawajawahi kutulia wakaangalia: treni inayoingia mjini inatokea magharibi, kwa hiyo asubuhi jua la mashariki linaipiga usoni na pua inang'aa. Jioni jua linahamia magharibi, hapo unasubiri inayotoka mjini. Hiyo ndo lokesheni. Hailipiwi, na aliyeijua hajaumia.

Anayetaka kuwa karibu zaidi, anunue tiketi. Nauli zilipotangazwa mwaka 2024, Dar mpaka Pugu ilikuwa shilingi 1,000 na Dar mpaka Morogoro shilingi 13,000 kwa treni ya kawaida. Yupo staa analipa mpiga picha laki kadhaa, anampa mlinzi hela ya soda apenye kwenye uzio, kumbe angeweza kukaa dirishani kwa bei ya chipsi mayai na soda. Kuna Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, zote ni stesheni zenye sehemu ya kusimama, zenye mstari wa kukuonyesha mwisho wako ni wapi. Pugu ina faida ya ziada, maana reli ya zamani nayo inapita huko, kwa hiyo mtu anaona babu na mjukuu siku moja.

TAZARA nako. Jengo lile la Barabara ya Nyerere watu wanalipita kila siku wakiwahi uwanja wa ndege, hawageuzi hata shingo. Ukumbi wake ni mkubwa, mistari imenyooka, Wachina walijenga jengo likae. Siku yenye safari ya abiria, mtu anauliza kwa adabu, anaomba ruhusa ya kupiga picha, anasubiri. Hata ile treni ya kitalii ya kifahari, Rovos Rail, ambayo imekuwa ikitoka Cape Town mpaka Dar, inaishia TAZARA. Watalii wanalipa fedha za kigeni ndefu kuja kushuka pale, na kijana wa Yombo anaweza kwenda kuitazama kwa miguu.

Na kwa wanaopenda mambo ya uswahilini kabisa, ipo reli ya zamani inayokatiza Tabata, mpaka kituo kikaitwa Tabata Relini. Huko ndiko ilikopita treni ya Ubungo iliyoanza Oktoba 2012, watu wakaibatiza treni ya Mwakyembe. Pale kwenye kivuko, boda, bajaji na mama wa vitumbua wote wanasimama pembeni treni ikipita. Simama nao. Picha ya treni ikiwa na mama wa vitumbua mbele ina uhai kuliko mtu aliyelala kwenye kokoto amefumba macho.

Mashabiki wao wana utetezi, na utetezi wenyewe unajulikana. Kwanza: "Reli ya zamani haina treni nyingi, mbona mnakuza mambo?" Sawa, sio nyingi. Lakini hilo ndilo tatizo lenyewe. Treni zingekuwa zinapita kila dakika tano, hakuna mwenye akili angekaa pale. Kwa kuwa zinapita kwa nafasi, mtu anajisahau. Na treni ya mizigo haina ratiba iliyobandikwa ukutani ili staa ajue amalize kushuti saa ngapi.

Pili: "Si ataisikia ikija?" Hapa ndipo watu wanapokufa. Treni ya umeme haingurumi kama ile ya dizeli. Ikiwa inakuja moja kwa moja kuelekea ulipo, sauti kubwa unaisikia ikiwa imeshakufikia. Na muziki wa kushutia klipu umewashwa, mpiga picha naye anapiga kelele "geuza shingo, geuza shingo!" Utasikia nini?

Piga hesabu ndogo. SGR imejengwa kwa mwendo wa mpaka kilomita 160 kwa saa. Hiyo ni kama mita 44 kwa sekunde moja. Kiwanja cha mpira cha saizi ya kwa Mkapa kina mita 105, kwa hiyo treni inakimaliza kutoka goli mpaka goli kwa sekunde mbili na nusu hivi. Mtu aliyelala, amevaa viatu virefu au gauni la kuburuza, anahitaji sekunde ngapi kuinuka? Dereva akimuona na kushika breki za dharura, treni ya mwendo huo inakula karibu kilomita nzima ndo isimame. Treni haina usukani wa kumkwepa mtu. Dereva anabaki kuangalia tu, na picha hiyo ataiona usingizini miaka yote. Yeye hakuomba kuwa kwenye video ya mtu.

Tatu: "Basi tutatumia droni au fimbo ya selfi, tukae pembeni." Juu ya reli ya SGR kuna waya wa umeme wa volti 25,000. Soketi ya nyumbani ni 230, kwa hiyo huo ni zaidi ya mara 100. Umeme wa namna hiyo hauhitaji kuguswa, ukisogezewa kitu karibu unaruka wenyewe. Fimbo ya selfi ya chuma iliyoinuliwa pale sio kifaa cha kupigia picha tena. Na droni nayo mjini hapa inahitaji kibali, hairushwi kama kishada.

Ila kuna watu wanaoumia hata bila treni kupita, na hawa hawasemwi kabisa. Ni wale vijana wanaopenda treni kweli. Yule dogo wa Vingunguti anayejua tofauti ya kila kichwa cha treni, anayejua mlio wa honi kabla ya treni kuonekana. Hana wafuasi, ana simu yenye kioo kilichopasuka. Zamani alikuwa anasimama zake pembeni, anapiga picha, mlinzi anamtania, maisha yanaendelea. Siku hizi akitoa simu tu anafukuzwa kama mwizi wa vyuma. Kwa nini? Kwa sababu mlinzi ameshachoka na kiki za mastaa, na staa hawezi kumgusa. Staa anakuja na gari yenye vioo vyeusi, anapiga simu kwa bosi wa mtu, anaingia. Dogo wa Vingunguti hana bosi wa kumpigia. Kwa hiyo mkosaji anaruhusiwa na asiye na kosa anafukuzwa. Huo ndo uonevu wenyewe, na unafanywa na watu ambao kila siku wanaimba kwamba wametoka mtaani.

Wanaosimamia reli nao wasijifanye hawahusiki. Kufukuza kila mwenye simu sio ulinzi, ni uvivu. Watu wa mji huu wanapenda treni zao, na SGR ilipoanza watu walijazana kupiga picha mpaka na behewa. Upendo huo ni tangazo la bure. Wangetenga sehemu moja tu, yenye uzio na kibao kinachosema "Piga picha hapa", nani angekuwa na sababu ya kupenya kwenye tundu? Aliyebaki anapenya baada ya hapo, akamatwe hata kama wimbo wake unaongoza chati.

Na mastaa nao, kama kweli wana nguvu kama wanavyojisifia, waitumie. Mtu akivaa kofia ya namna fulani, wiki ijayo Kariakoo yote inaiuza. Akisimama darajani na kupiga picha treni ikiwa nyuma yake salama, vijana wote wataenda darajani. Akilala relini, watalala relini. Tofauti ni kwamba yeye ana watu sita wa kumwangalizia treni. Mtoto wa kidato cha pili anayemuiga ana rafiki mmoja, naye ndiye ameshika simu.

Siku ikitokea, kila mtu anajua kitakachofuata. Picha nyeusi zenye mishumaa zitajaa kwenye kurasa zao. Wataandika "ajali haina kinga", wataandika "kazi ya Mungu haina makosa", na wimbo wa maombolezo utatoka ndani ya siku tatu. Huo utakuwa uongo. Ajali hii ina kinga, tena haina gharama. Kinga yake ni hatua chache tu kutoka kwenye chuma.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Je, mastaa wanaoshuti relini wasusiwe laiki mpaka wajifunze, au watu wanawaonea wivu tu? Na wewe unayependa treni, sehemu gani nzuri na SALAMA ya kuzitazama mjini hapa haijatajwa? Dondosha hapo chini, dogo wa Vingunguti anasoma.