KONA YA FAMILIA: Babu aliyevuka ziwa



Mwezi uliopita tuliwapa wanafunzi kazi ya kuandika ukoo wao mpaka vizazi vinne. Wengi waliishia kwa babu. Tusiwacheke, maana hata siye tulipojaribu nyumbani tulikwama palepale. Tulijua tu kwamba baba yake bibi alitoka Fizi, akavuka ziwa kwenda Tanganyika kukata mkonge, na hakurudi. Karatasi zote ziliungua na nyumba mwaka 1996.

Basi tukaenda kwa bibi, na tukaanza vibaya. Tulimwuliza miaka. Akakasirika, eti tunamhoji kama yuko kwenye foleni ya usajili! Kesho yake tukakaa naye akichambua maharage, tukamwacha aseme mwenyewe.

Mjomba wetu siku zote anashikilia kwamba mzee alichukuliwa na Wajerumani. Lakini bibi alisema mwenzake aliyerudi alisimulia kwamba walipofika Kigoma waliikuta Liemba bandarini. Wajerumani waliizamisha meli ile mwaka 1916 walipokuwa wakikimbia, na jina la Liemba ililipata iliporudi majini mwaka 1927. Kwa hiyo aliondoka baadaye, wakati wa Waingereza. Tena bibi alikuwa tumboni, na Congo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 yeye alikuwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni. Tukapiga hesabu: miaka ya 1940 mwanzoni. Mjomba bado hajakubali.

Huko Tanganyika waliitwa manamba, kwa sababu kila mfanyakazi alipewa namba. Namba ya mzee hatunayo.

Kitu kingine bibi hakuwahi kukisema. Yule mwenzake alileta blanketi, akasema limetoka kwa mume. Wajomba wakalificha, kwa kuwa mama yake alikuwa ameshaolewa tena. Bibi aliambiwa akiwa mtu mzima. Utoto wote alijua kwamba baba aliwatupa. Alinyamaza kidogo, halafu akaendelea na maharage yake.

Mnaoandika ya kwenu, angalieni majina. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na jina moja kwenye kitabu cha ubatizo na lingine kwenye kitambulisho. Na mzee akitaja Albertville, ni Kalemie.

Kufika Tanga hatuwezi. Kibali cha kutoka kambini hakitolewi kwa ajili ya kumtafuta marehemu. Kama kwenu kuna mzee aliyekata mkonge, au aliyesikia habari za mtu wa Fizi aliyebaki huko, tunaomba aje darasani baada ya masomo, au atuite tumfuate nyumbani. Waliopotezana na ndugu walio hai waende Msalaba Mwekundu, hiyo ndiyo kazi yao. Bibi ametutuma swali moja tu: alizikwa wapi?