Kioo Fundi Atabadilisha, Roho Je?

Kichwa hicho kisiwatishe. Nataka kusema juu ya simu ambazo mwili wake ni mzima lakini roho imekufa.

Ukitembea kutoka Umoja hadi Kayole utaona vibanda vya mafundi wa simu. Kioo kimepasuka? Betri imevimba? Fundi ataagiza kipuri Luthuli Avenue, na jioni simu iko mkononi mwako. Kwa hayo sisi wa Eastlands hatuhitaji kufundishwa na mtu. Shida ni pale simu haina ubovu wowote, ila kampuni imeacha kuitengenezea programu mpya. Baadaye programu za benki zinaikataa. Hapo bisibisi ya fundi haisaidii, na simu inaishia kwa droo.

Dawa ipo. Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza kule Ufini mwaka wa 1991, ni ya bure, na hata Android imejengwa juu ya kiini chake. Tangu 2017 watu wa kujitolea wanatengeneza postmarketOS, Linux ya simu, wakitaka simu moja itumike miaka 10. Inaingia hata katika Fairphone ya Uholanzi, ambayo mwenyewe unaifungua kwa bisibisi moja.

Lakini tusidanganyane. Kuwaka si kufanya kazi. Katika simu nyingi Linux inawaka vizuri, halafu kamera haioni, au huwezi kumpigia mtu. Sababu ni kwamba kila kamera na kila modemu ina programu yake ya kuiendesha, na maelezo yake watengenezaji wameyaficha. Wale wa kujitolea hubaki kubahatisha, simu moja baada ya nyingine, miezi na miaka. Na simu isiyopiga wala kutuma M-Pesa, hapa kwetu ni ya nini? Kioo cha kujitazamia!

Kwa hivyo siwaungi mkono wanaosema tuhamie Linux kesho. Kwanza kampuni zifungue mikono. Oktoba 2023 kilifunguliwa kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, nasi tukashangilia, kwa haki kabisa. Mimi ningeuliza swali moja tu: kampuni ikichoka na simu yake, je, itatoa siri za kamera na modemu? Serikali ifanye hilo liwe sharti la kuuza simu Kenya. Vijana wa kuendeleza kazi hiyo tunao, wengine wako katika chama cha kompyuta hapa hapa shuleni, siku ambazo stima haijapotea.