DADA STAA, HIYO CHOKOLETI HAIJAOZA!

Kuna staa mmoja hapa mjini, wafuasi kibao, kajirekodi akimwaga boksi zima la chokoleti za Krismasi kwenye dastibini, eti zimeota ukungu. Mashabiki wakammiminia makopa!

Dada, ukungu una manyoya na harufu. Ule weupe ni mafuta ya kakao tu: joto la Dar likiyeyusha chokoleti, ikiganda tena mafuta yanapanda juu. Sura imeharibika, ila inalika bila shida.

Na kwenye keki ndo haionekani kabisa. Yeyusha gramu 200 na siagi gramu 100 kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Ipoe kidogo, koroga na mayai 3, sukari nusu kikombe, unga wa ngano nusu kikombe. Oka kwa mkaa, moto kidogo chini, mwingi juu. Kwisha kazi!

Kakao inalimwa mpaka Kyela. Mkulima anaivundika, anaianika siku kadhaa juani, halafu mtu anaimwaga ili apate makopa?

Kutupa chakula sio ustaa, ni ushamba wenye kamera nzuri. Wadau mnasemaje?